Pichadithi: Lwanda Magere Mikononi mwa Terry Hirst

Kila ninapofundisha fasihi simulizi, huwauliza wanafunzi Lwanda Magere alikuwa na sura gani. Wale wa Ahero na Kisumu mjini huwa wa kwanza kujibu, tena bila kusita: kifua hivi, mabega hivi. Nikiuliza nani aliwasimulia, wachache humtaja nyanya. Wengine hutaja kitabu cha picha kilichokuwa nyumbani, jalada limeng'oka, ambacho baba au mjomba alikinunua akiwa shuleni.

Kitabu chenyewe ni mojawapo ya Pichadithi, mfululizo uliotolewa Nairobi na Kul Graphics miaka ya 1980. Mwasisi wake, Terry Hirst, alizaliwa Brighton, Uingereza, akaja Kenya mwaka 1965, akafundisha sanaa, kisha mwaka 1973 akaanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno.

Jina hilo lanifurahisha hadi leo. Ni uhulutishaji wa kupigiwa mfano, kama chajio kutokana na chakula na jioni: picha na hadithi zimekutana, silabi moja ikamezwa, na ulimi haukujikwaa. Lakini hebu fungua kitabu. Nakala tulizosoma sisi zilikuwa za Kiingereza! Shujaa wa Kano anatolewa katika Kijaluo na kutiwa katika Kiingereza, huku Kiswahili kimesimama mlangoni kama bawabu. Linganisha na Edward Gitau, ambaye Juha Kalulu wake alizungumza Kiswahili katika Taifa Leo kwa miongo kadhaa.

Simbezi Hirst. Katuni tulizokuwa tukigombania tukiwa vijana zilikuwa za akina Superman na Tarzan. Yeye alimweka Lwanda Magere wa ziwani katika mfululizo mmoja na Abunuwasi wa pwani, na mtoto wa Kisumu akawaona wote wawili ni wake. Hilo si jambo dogo.

Shida yangu ni kivuli. Msimulizi wa siwindhe, ile nyumba ya nyanya walimolala watoto, alikuwa na siri ya kuchezea. Mikuki ilimgonga Lwanda ikapinda, mwili wake jiwe, nasi hatukujua kwa nini. Hadi yule mke aliyetolewa na maadui wa Lang'o aambiwe, mume akiwa mgonjwa, achanje kivuli badala ya ngozi. Damu ikatoka kivulini. Hapo ndipo watoto walipoacha kusinzia.

Mchoraji hana anasa ya kunyamaza. Jua la Kano ni kali. Kila anayesimama chini yake ana kivuli. Akikichora tangu ukurasa wa kwanza, amekiweka mbele ya macho yetu kabla ya mke kukijua. Akikiacha, picha yenyewe inasema uongo. Tena akishachora uso, umekuwa huo huo kwa wote. Kwa nyanya, kila mtoto aliondoka na Lwanda wake.

Jiwe analosemekana kugeuka bado liko kando ya mto Nyando, na wawindaji walilinolea mikuki yao. Halina uso. Ukibahatika kupata nakala kuukuu ya Pichadithi, usianze na kifua wala mkuki. Tazama chini, miguuni pake.