Fundi wa Nafasi Tupu

Fundi ninayetaka kumsifu kazi yake ni tundu. Huchukua atomu za kaboni na hidrojeni, mara nyingine nitrojeni, boroni au oksijeni, akaziunganisha ziwe wavu bapa. Akaweka wavu mwingine juu yake, na mwingine tena, mpaka katikati ibaki njia tupu yenye upana anaoutaka yeye. Yote hayo huyafanya kwenye kompyuta, kabla maabara haijachemsha hata gramu moja. Sehemu kubwa ya kazi hii inawezekana kwenye chumba cha kupanga hapa Chang'ombe, Dodoma, alimradi umeme upo, bando lipo, na mwenye kazi hana haraka.

Kiunzi chenyewe cha nyavu hizo si kitu cha kale. Mwaka 2005 Adrien Côté, Omar Yaghi na wenzao, wakiwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitangaza viunzi vya kwanza vya kikaboni vya namna hii, wakaviita COF-1 na COF-5. Hicho cha pili kina matundu ya pembe sita yenye upana wa nanomita 2.7; katika upana wa unywele mmoja yangepangika maelfu kwa maelfu. Yaghi, aliyezaliwa Amman katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, alikuja kupata Nobeli ya Kemia mwaka 2025 pamoja na Susumu Kitagawa na Richard Robson, kwa viunzi vya ukoo wa jirani vinavyoshikwa na metali. Sifa za wapishi wa maabara zimeshaimbwa. Mimi niko upande wa wapiga hesabu.

Shughuli yao kubwa iko kwenye kupangana kwa tabaka. Chukua chekeche mbili za kuchujia mchanga, uziweke moja juu ya nyingine. Matundu yakielekeana, mchanga unapita. Sogeza ya juu nusu tundu, na waya wa hii unaziba jicho la ile. Katika kiunzi, umbali kati ya tabaka na tabaka ni kama nanomita 0.34 tu, na mahali tabaka la juu linapotulia ndipo panapoamua kama una njia ya kupitisha mvuke au una unga wa bei ghali.

Mionzi ya eksirei haitegui kitendawili hicho kila mara. Unga huu aghalabu hautoi fuwele kubwa, picha yake huja na vilele vipana, na COF-5 ilisomwa kuwa tabaka zake zimekaa sawia, atomu juu ya atomu. Mwaka 2011 Thomas Heine na wenzake, Bremen, Ujerumani, walipiga hesabu wakaonyesha kwamba mkao huo nadhifu hauna raha: atomu zenye chaji ya aina moja zinatazamana uso kwa uso na kusukumana. Tabaka huteleza pembeni kidogo, kama nanomita 0.14, yaani urefu wa kifungo kimoja cha kaboni kwa kaboni. Na kwa kuwa kila tabaka laweza kuteleza upande wake, eksirei huona wastani, nao wastani unafanana sana na unadhifu. Hapo ndipo ufundi huu uliponiteka.

Kuuona mtelezo huo kunataka subira. Unaandika faili yenye mahali pa kila atomu, unaacha tabaka la chini lilipo, la juu unalisogeza sehemu ndogo ya nanomita kwenda kulia, kisha unaipa kompyuta kazi. Inakokotoa elektroni zinavyojipanga, inarudia, inarudia tena, mpaka tofauti kati ya duru moja na inayofuata iwe haina maana. Unapata namba moja ya nishati. Unasogeza tena. Namba zikiwa nyingi unachora ramani, na pale palipozama kuliko pote ndipo tabaka linapotaka kulala.

Msingi wa hesabu hizo ni nadharia ya msongamano wa elektroni, ambayo Pierre Hohenberg na Walter Kohn waliiweka mwaka 1964, Lu Sham akaungana na Kohn mwaka uliofuata kuifanya itumike. Ina kasoro inayouma hapa hasa: sura zake za kawaida haziuoni vizuri ule mvutano dhaifu wa van der Waals, na ndio unaoshikilia tabaka zisiachane. Usipoongeza masahihisho, kwa mfano yale aliyoyatoa Stefan Grimme mwaka 2006 na kuyaboresha 2010, tabaka zako zitaelea mbalimbali na kompyuta haitakwambia neno. Itamaliza kazi kwa adabu zote, ikukabidhi uongo wenye desimali nane. Fundi anajulikana hapo, kwa namba anazozikataa.

Na mtu wa Dodoma hili linamhusu nini? Maji, bila shaka. Mvua yetu ya msimu mmoja kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, mji umetegemea sana visima vya Makutupora, na ikifika Oktoba dumu la lita 20 lina heshima yake mtaani. Mwaka 2020 kundi la Yaghi lilitoa COF-432, kiunzi cha tabaka kisicho na metali, kinachokamata mvuke hata hewa ikiwa kavu na kuuachia kwa joto dogo. Kilipitishwa mizunguko 300 na hakikuchoka. Lakini tusidanganyane: kinabeba takriban robo ya uzito wake. Kilo moja ya unga ingekupa kama robo lita kwa mzunguko, na kujaza dumu kungetaka mizunguko 80. Muuza maji wa mkokoteni asipoteze usingizi bado. Mpiga hesabu ndiye anayekosa usingizi, kwa sababu sasa ana swali lenye ncha: nibadili atomu ipi ukutani mwa tundu ili mvuke uanze kujaa mapema kidogo, bila tabaka kuteleza zikaziba njia?

Zana hazibagui sana. Quantum ESPRESSO, programu iliyokulia Trieste, Italia, hupakuliwa bure. Shule ya ASESMA, iliyoanza Cape Town mwaka 2010 na kuja Eldoret, Kenya, mwaka 2012, imefundisha hesabu hizi vijana wengi wa Kiafrika. Pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), upande wa pili wa mji, kemia ya kompyuta ina wenyewe. Kinachobagua ni ukubwa wa kazi: kiunzi cha atomu mia kadhaa kitaikalia kompyuta ya mezani wiki nzima, kwa hiyo unaituma kwa mtandao kwenye mashine kubwa ya mbali na kupanga foleni na wenzako.

Halafu mchoro lazima umfikie mtu mwenye chupa na jiko. Kwa fundi makini hauendi peke yake. Unaambatana na maelezo: tabaka limeteleza kuelekea wapi, kwa tofauti gani ya nishati, na mkao upi mwingine ulikaribia kushinda. Hilo la mwisho ndilo mkemia wa maabara hulisoma kwanza, maana chupa yake ina tabia ya kumchagua aliyeshika nafasi ya pili.