"Isiyo na Injini", "Isiyo na Rubani": Tahakiki ya Visawe vya Ndege za Mfano

Rasimu ya mwongozo wa ufundi iliyofika mezani kwangu yaeleza jinsi ya kuchagua na kuunda ndege kubwa za mfano, zirukazo polepole na kuongozwa kwa redio. Mfasiri ametumia visawe viwili kwa kupokezana: "ndege isiyo na injini" na "ndege isiyo na rubani". Vyote vimezoeleka, lakini havifai.

Hicho cha pili chapotosha. Rubani yupo, ila amesimama uwanjani, kisanduku cha redio mkononi. Mtumishi wa serikali akikikuta kisawe hicho katika ombi la kibali, atadhani chombo chajiendesha chenyewe, mithili ya zile ndege za kubebea dawa ambazo mwaka 2017 ilitangazwa kwamba zingeanzia Dodoma. Cha kwanza nacho ni nusu ya ukweli, maana nyingi kati ya ndege hizi zina mota ndogo ya umeme ya kuzipandisha, ambayo huzimwa zikishafika juu.

Napendekeza "nyiririko", kutokana na kunyiririka. Mwenzangu mmoja alipinga: kinyiririkacho huenda chini, ilhali ndege hizi hupanda. La hasha. Mota ikizimwa, chombo hushuka daima ndani ya hewa. Kipandacho ni hewa yenyewe. Ndivyo afanyavyo tai juu ya mbuga za Bahi mchana wa kiangazi, akizunguka pasipo kupiga bawa.

Kosa zito zaidi limo katika sura ya vipimo. Tuchukue nyiririko yenye mabawa ya upana wa mita 4, eneo la mita 1 ya mraba na uzito wa kilo 3: kila desimeta ya mraba ya bawa yabeba gramu 30. Kadiri hesabu hiyo inavyopungua, ndivyo chombo kiwezavyo kuruka polepole. Dodoma, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi, hivyo chombo kile kile hulazimika kwenda kasi kidogo zaidi. Mwundaji wa huku ana sababu ya kupunguza uzito wa chombo au kuongeza eneo la bawa. Rasimu yakiita kipimo hiki "uzito wa bawa". Mwanafunzi mtiifu atalipima bawa kwenye mizani, akute ni zito, achonge boriti yake hadi iwe nyembamba. Nalo litakatika angani. Iandikwe "mzigo wa bawa".

Kwa hewa moto ipandayo sina neno bado. "Joto", lililomo katika rasimu, halitoshi. "Kisulisuli" lina ladha ya nyanda hizi, bali hutaja kimbunga chenye vumbi, na hewa hupanda hata pasipo vumbi. Walimu wenye neno la Kigogo au la Kirangi kwa hewa hiyo wasikose kutuandikia.