Amri ya Ulinzi Iko Mbali na Kijiji

Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya hapa kwetu Uganda, ya mwaka 2010, inasomeka vizuri. Inatambua kipigo, matusi, hata kumnyima mwenzio fedha za matumizi. Kasoro iko mlangoni. Mahakama ya kijiji yaweza kuonya, kutoza faini, kuamuru fidia au mapatano, lakini amri ya ulinzi hutolewa na hakimu. Mwenyekiti wa kijiji mara nyingi ni jirani wa mume, pengine shemeji. Mwanamke huambiwa wapatane, akalala nyumba ileile usiku uleule. Hakimu yuko mjini, na nauli imo mfukoni mwa huyohuyo anayelalamikiwa. Kwa nini kijiji kisipewe uwezo wa kutoa amri ya siku chache, hadi hakimu asikilize shauri?