Shanga za Venice na pango la Shimoni



Nimekawia kuandika kuhusu hawa Cave_bureau. Kila nikianza naona nawasifu kupita kiasi, nikifuta nikaanza upya naona nawaonea. Sasa liwalo na liwe.

Kwa asiyewajua: ni ofisi ndogo ya wasanifu majengo, iko Nairobi, ilianzishwa 2014 na Kabage Karanja na Stella Mutegi. Hawakupata jina kwa maghorofa. Wao huingia mapangoni, wakayapima kwa mashine ya leza, wakayachora kwa uangalifu ule ule ambao wenzao huchorea misikiti na majumba. Mradi wao mkubwa ni Makumbusho ya Anthroposini, yaani ya zama hizi ambazo binadamu ameichokoa dunia mpaka miambani. Usitafute jengo lake, halipo; makumbusho yenyewe ni hayo mapango na mazungumzo yanayofanywa juu yake.

Mwaka 2021, kwenye Biennale ya Venice, walitundika vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno, vikafuata umbo la dari ya pango la Mbai ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. 2023 wakaonyesha kazi zao Louisiana, Denmark, na mwaka huo huo wakawa Sharjah, ndani ya machinjio ya zamani. Halafu 2025 likaja kubwa kuliko yote: wakishirikiana na Owen Hopkins na Kathryn Yusoff, walikabidhiwa banda la Uingereza kule kule Venice. Majaji wakalitaja kwa heshima. (Simba wa Dhahabu alichukuliwa na Bahrain, wenzetu wa Ghuba msijisahau.)

Mimi nilikwenda Septemba. Lile banda ni jumba la Kiingereza lenye nguzo na ngazi, limekaa juu ya kilima kama nyumba ya Disii. Walilifunika pazia la shanga za vioo na udongo, pamoja na vidonge vya taka za kilimo, vilivyotengenezwa Kenya na India. Basi. Hawakubomoa kitu wala hawakupaka rangi, wamelivisha tu. Nikasimama pale nikacheka peke yangu. Kwani hizo shanga za kioo zilikuwa zikitoka wapi zamani? Si hapo hapo Venice! Karne ya 19 zilikuja kwa majahazi na meli mpaka Unguja, zikapakiwa kwa mizigo ya wapagazi. Zile nyekundu zikiitwa samesame. Zikanunua pembe, zikanunua chakula cha safari, zikanunua na watu. Leo zimerudi kwao, zimeningʼinia usoni pa Mwingereza. Hapo nawavulia kofia, tena bila kinyongo.

Taabu yangu ni Shimoni.

Katika kazi zao pango la Shimoni, kusini ya Mombasa, huitwa pango la watumwa, nukta. Jina lenyewe la mji limetokana na hilo shimo, kwa hivyo anayelipa pango hadithi moja ameupa mji mzima hadithi moja. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Wasini, ngʼambo tu ya mkondo. Yeye alinambia watu walikuwa wakikimbilia mle Wamasai wakishuka kuiba ngʼombe. Na alinambia kuna mizimu, watu hupeleka ubani, watoto wasipige kelele. Habari ya minyororo sikuisikia kwake hata siku moja. Mtu atasema wazee wetu walificha. Huenda, na siwezi kuapa juu ya kimya cha bibi. Lakini Stephanie Wynne-Jones na Martin Walsh nao waliihoji hadithi hii katika makala yao ya 2010, wakionyesha ushahidi wa pango hasa ni mchache na jinsi utalii ulivyoikuza.

Jamani msinielewe vibaya. Najua kuna kina ami humu watakaorukia hapa waseme "tulisema sisi, utumwa ni porojo za wamishenari." La. Mashamba ya Gasi na Takaungu yalilimwa na watumwa, na baada ya mkataba wa 1873 magendo ya kuvusha watu kwenda Pemba kwenye mikarafuu hayakukoma. Tuna deni hilo na tulikubali. Ninachosema ni kwamba pango si karatasi tupu. Mwenye kulipima kwa leza akapata kila ufa na kila tundu, angeweza pia kupima hizo tabaka za maneno: kimbilio, mzimu, ghala la watumwa, mahali pa watalii. Kwa ofisi inayojisifia kusoma tabaka za ardhi, hii ni kasoro si ndogo.

Na hapo ndipo ile kazi ya Venice ingewauma wenyeji wake zaidi. Hatua chache kutoka pangoni pana magofu ya Waingereza, pamoja na gereza. Kampuni ya IBEA, iliyopata hati ya kifalme 1888, ilijiweka hapo hapo. Serikali ikachukua nchi 1895, na utumwa pwani ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka 1907. Miaka 12 chini ya bendera yao! Pango na gereza vikisomwa pamoja, Mwarabu haoneki mwovu peke yake na Mwingereza hatoki mkombozi. Mimi ningelivisha pazia lile gofu, si banda la Venice tu.

Ila kuna jambo linanizuia kupiga kelele sana. Pango huendeshwa na wanakijiji wenyewe, na kiingilio cha wageni husaidia karo za watoto na mambo ya afya. Mgeni analipa kwa sababu ameambiwa ni pango la watumwa. Mpwa wangu wa kule nilipomweleza haya yote kwa simu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa mjomba, tukiandika kibao kipya 'pango la kujificha Wamasai', nani atashuka kwenye basi?"

Sijampa jibu bado.

Wasalaam.