Kalamu Iliyofuata Vita vya Kimya

Maghorofa ya Kikwajuni, mjini Zanzibar, yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964. Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuitambua serikali ya Berlin Mashariki, na shukrani ya Wajerumani ikaja kwa saruji, mafundi na ramani za mji mpya wa Ng'ambo. Hayo yalifanyika mchana, mbele ya watu. Mwaka huohuo wa 1964 alifika kisiwani mgeni mwingine ambaye ujio wake haukutangazwa: Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Ujerumani Mashariki, ambaye hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika ya kijasusi ya Magharibi hayakuwa yakiijua sura yake. Alikuja kusaidia kuunda idara ya usalama ya serikali changa, na baada ya miaka mingi akaieleza safari hiyo katika kumbukumbu zake. Wamarekani nao, mwaka uleule, waliamriwa kukiondoa kituo chao cha Tunguu kilichokuwa kikifuatilia vyombo vya anga.

Mahali penye mambo kama haya pangetarajiwa kujaa riwaya za kijasusi. Riwaya hizo ziliandikwa, lakini zilizovuma zaidi ziliota ng'ambo ya mkondo, Dar es Salaam, na zilizungumzia vita ambavyo Tanzania ilivipigana kwa mkono uliofichwa nyuma ya mgongo.

Kwamba Tanzania iliwaunga mkono wapigania uhuru halikuwa jambo la siri. Mwalimu Nyerere alilisema wazi, na tangu 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Kilichofichwa ni namna. Meli gani imeleta silaha, lori gani limezipeleka kambi ya Nachingwea, nani amelala kambi ya Kongwa usiku huu na kesho ataamkia wapi. Upande wa pili Wareno na makaburu walikuwa na watu wao mjini humohumo. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, alifungua kifurushi cha kitabu Oyster Bay na bomu lililokuwamo likamuua. Baada ya siku ile kila mwananchi alijua kwamba vita vya Msumbiji vimekwisha vuka mto Ruvuma.

Mwandishi Elvis Musiba aliviona vita hivyo vya siri akaviingiza kitabuni. *Kufa na Kupona* ilitoka mwaka 1974, na shujaa wake, Willy Gamba, ni jasusi wa Tanzania anayetumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibiwa. *Kikosi cha Kisasi* ikampeleka Kinshasa, na *Hofu* ikamfikisha Harare. Ukizipanga safari za Willy unapata ramani ya vita vyenyewe, vikisogea kusini mwaka hadi mwaka.

Walimu wengi wa fasihi waliziita riwaya hizi "pendwa" kwa sauti ya kushusha. Kasoro zipo: wanawake wa Musiba mara nyingi ni wepesi kuliko uzito wa kazi wanayopewa, na Willy hakosi shabaha kiasi cha kumkera msomaji makini. Hata hivyo ufundi wake ni wa kweli na unastahili kusomwa kama ufundi. Musiba alifahamu kwamba siri haitishi mpaka iwe na anwani. Kwa hiyo anataja hoteli, mtaa, saa ya ndege, aina ya gari, na msomaji wa Magomeni anayeijua barabara hiyo anaanza kuwatazama wapita njia kwa jicho jingine. Alifahamu pia kwamba sera ya nchi ni kubwa mno kuwekwa katika sura moja ya kitabu, ila bahasha moja iliyoibiwa inatosha kuibeba. Vijana waliosoma nakala zilizopita mikono kumi walijifunza humo kuwa nchi yao iko vitani, jambo ambalo hotuba ziliwaambia bila kuwafanya walihisi.

Ben Mtobwa akaipeleka kazi hiyo hatua nyingine. Joram Kiango wake ni mpelelezi wa kujitegemea, na katika *Tutarudi na Roho Zetu?* anaingia hadi Afrika Kusini ya makaburu. Mtobwa mwenyewe alikuwa wa kujitegemea pia: alianzisha nyumba yake ya uchapishaji, Heko, akaandika, akachapisha na kuuza, miaka ambayo karatasi yenyewe ilikuwa taabu kupatikana.

Je, waandishi hawa walitia chumvi? Historia inajibu kwa kisa ambacho mhariri yeyote wa riwaya angekikataa kwa kuwa hakiaminiki. Aprili 1965 mtu mwenye pasipoti ya bandia alitua Dar es Salaam, akasafiri hadi Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika usiku kwenda kupigana Kongo. Alikuwa Che Guevara. Wenzake walimwita Tatu, kwani katika msafara ule majina ya siri yalikuwa hesabu za Kiswahili: Víctor Dreke alikuwa Moja, na José María Martínez Tamayo alikuwa Mbili. Silaha na Wacuba waliendelea kupita katika ardhi ya Tanzania, na serikali ikanyamaza.

Siri ile ilipasuka kwa jambo dogo. Mwishoni mwa Juni, katika shambulio la Bendera, Wacuba wanne waliuawa, na mmoja wao alikutwa na shajara. Karatasi zile zikaonyesha kwa maandishi kilichokuwa kikishukiwa kwa minong'ono. Novemba msafara ulirudi kuvuka ziwa, na Che akajifungia ubalozi wa Cuba mjini Dar es Salaam kuandika habari za kushindwa kwake. Maandishi hayo yalitolewa kama kitabu kamili mwaka 1999.

Kitu kidogo kama shajara ile ya maiti ndicho kinachomrudisha msomaji Unguja, kwa mwandishi Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950 na ikachapishwa 1960. Hamna vita humo wala serikali ya kigeni. Yumo Bwana Msa na kiko chake, na Najum anayeuliza maswali ambayo msomaji naye anayo. Abdulla hakimbii. Anamwacha Bwana Msa akizungukie kitu kidogo, neno lililotamkwa mapema mno au jambo ambalo lilipaswa kuwepo na halipo, mpaka uongo uchoke wenyewe. Willy Gamba angeupiga mlango teke. Bwana Msa angeuliza nani aliyeufunga. Riwaya bora ya kijasusi inahitaji mbio za Musiba, lakini bila subira ya Abdulla mbio hizo ni kelele tu.

Adam Shafi alizileta mbio na subira hizo karibu na nyumbani. Yeye mwenyewe alitiwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Rais Karume wa Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972, na *Haini*, iliyotoka 2003, inaingia katika vyumba vya mahojiano ambavyo watu wa Kikwajuni na mitaa jirani walivipita wakiangalia chini. *Vuta N'kuvute* inarudi nyuma hadi ukoloni wa Mwingereza: Denge anasambaza magazeti ya siri, Yasmin anamficha, na mapenzi yao yanakua chini ya macho ya makachero. Amil Shivji aliitengenezea filamu bila studio kubwa nyuma yake, na mwaka 2021 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Shivji alielewa kuwa vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba kiasi kwamba mtu mmoja aliyesimama pembeni anatosha kuwa tishio, kwa hiyo hakuhitaji milipuko.

Malighafi sasa imefunguliwa kuliko wakati wowote. Mwaka 2014 ulizinduliwa mkusanyo wa juzuu tisa wa historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, uliopewa jina la Hashim Mbita, aliyeiongoza Kamati ya Ukombozi tangu 1972 hadi 1994, na ndani yake waliokuwa kambini wanazungumza kwa vinywa vyao. Na kuna kisa cha Ushelisheli. Tarehe 5 Juni 1977, Rais James Mancham akiwa London, kundi la watu wachache waliopata silaha kutoka Tanzania liliipindua serikali yake na kumweka France-Albert René. Kisiwa, mashua, bahari ileile, nchi jirani inayosema haijui kitu: mwandishi wa Unguja hana haja ya kubuni mandhari yake. Anachohitaji ni mtu mmoja aliyepakia yale masanduku ya silaha, jina lake la kubuni, na kitu kidogo alichokisahau mfukoni.