Picha za Ajabu na Maneno Yake

Watu wengi wana tabia ya kukusanya vitu. Mmoja hukusanya stempu, wa pili sarafu, wa tatu makombe ya baharini. Wapo pia wakusanyao picha za ajabu zilizochapwa zamani katika vitabu, magazeti na kalenda: mnyama asiyefanana na mnyama yeyote, ramani ya nchi isiyokuwapo, tangazo la dawa iponyayo kila ugonjwa. Kazi hii huonekana ya kitoto, lakini sivyo ilivyo. Katika insha hii nataka kuipima. Nitasema uzuri wake, kisha nitasema kosa lake moja ambalo nimeliona kwa macho yangu.

Mahali nilipoliona ni Ahero, mji wa soko katika uwanda wa Kano, ambapo barabara itokayo Kisumu hugawanyika, moja ikaelekea Kericho na nyingine Kisii. Huko karatasi haina maisha marefu. Muuza karanga huikunja akafungia bidhaa yake; mchwa huila; na Mto Nyando unapofurika, maji huingia majumbani yakachukua iliyobaki. Basi kijana mmoja wa mji huo anastahili sifa. Kwa miaka kadhaa aliokota na kununua karatasi za zamani zenye picha ngeni, akazikata kwa mkasi, akazibandika katika daftari kubwa la hesabu za duka. Siku moja alinipa daftari lile nilitazame, nami nikakaa nalo alasiri nzima.

Katika ukurasa wa kwanza palikuwa na kifaru aliyefunikwa kwa vipande vigumu kama askari wa kale aliyevaa deraya, na juu ya mabega yake palichomoza pembe ndogo ya pili. Kijana alicheka akasema, “Mwalimu, mchoraji huyu alikuwa mwongo.” Nilimwuliza jina la mchoraji, hakulijua. Nilimwuliza mwaka, haukuandikwa. Mkasi ulikuwa umepita ukingoni mwa picha, ukayaacha maneno yote nje.

Picha ile ni mashuhuri. Ilichongwa katika ubao na kuchapwa na Albrecht Dürer, mchoraji wa mji wa Nuremberg huko Ujerumani, mwaka 1515. Mwaka huo kifaru hai kutoka Bara Hindi alifikishwa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na habari zake zikaenea Ulaya. Dürer hakumwona mnyama huyo hata siku moja. Alipata barua iliyomweleza, pamoja na mchoro mdogo, naye akatumia ufundi wake kujaza palipopungua. Je, huo ni uongo? Mimi nadhani ni bidii ya mtu aliyetegemea macho ya mwenziwe. Kosa kubwa lilikuja baadaye. Kwa zaidi ya miaka mia mbili wachapaji wa Ulaya waliendelea kuinakili picha ile, na pembe ya mabegani ikahama kutoka kitabu hadi kitabu, kana kwamba kitu kikichapwa mara nyingi hugeuka kuwa kweli. Hilo ndilo funzo la kifaru, wala haliwezi kupatikana kwa mtu asiyejua picha ilichapwa lini na nani.

Niligeuza kurasa, nikafika penye ramani. Moyo wangu ulifurahi, kwa sababu ramani ile inahusu ziwa lililo karibu na Ahero yenyewe. Katikati ya Afrika pamechorwa ziwa moja kubwa mno, refu na nene, lenye kujipinda kama koa, yaani yule konokono asiye na kombe. Linaanza karibu na ikweta, linashuka kusini hadi upande wa Nyasa. Chini yake kijana alikuwa ameandika kwa kalamu: “Ujinga wa kale.”

Tuitazame hukumu hiyo. Ramani ile ilitungwa na wamisionari wawili wa Kijerumani, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliofanya kazi Rabai karibu na Mombasa. Rebmann ndiye aliyeona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na mtaalamu mmoja wa London, William Cooley, ambaye hakuwahi kufika huko, akakataa kumsadiki. Wamisionari hao hawakufika kwenye ziwa lolote. Waliwauliza watu wa misafara, Waarabu, Waswahili na watu wa bara, walioanza safari zao sehemu mbalimbali za pwani. Wa kaskazini alisema njia yake ilifika kwenye maji makuu. Wa katikati alisema vivyo hivyo. Wa kusini naye alisema vivyo hivyo. Wamisionari wakaunganisha maji hayo yote wakapata ziwa moja, na ramani yao ikachapwa Ulaya mwaka 1855, na London mwaka 1856.

Sasa twajua kwamba maziwa yalikuwa matatu: Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Kwa hiyo kosa lilikuwa katika kuunganisha. Ushuhuda wenyewe ulikuwa wa kweli. Kila msafiri alisema aliyoyaona, na maji aliyoyataja yalikuwapo. Zaidi ya hayo, ramani iliyochekwa ndiyo iliyoamsha hamu ya wataalamu wa London kutaka kuhakikisha. Richard Burton na John Speke walitumwa, wakafika Tanganyika mwezi wa Februari 1858, na tarehe 3 Agosti mwaka huo huo Speke alisimama karibu na Mwanza akitazama ziwa la kaskazini, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Watu wa ziwa hilo walikuwa na majina yao tangu zamani. Wajaluo huliita Nam Lolwe.

Nilipomweleza kijana habari hizi alinyamaza, akachukua kalamu akayafuta maneno yake matatu. Alitambua kwamba aliyoyaita ujinga wa kale yalikuwa maarifa ya wachukuzi na wafanyabiashara wa Kiafrika, yaliyopita katika mikono ya wageni yakapotoka umbo. Koa yule ni alama ya vidole vya mababu zetu katika karatasi ya kigeni. Asiyejua maana haambiwi maana. Na picha iliyotengwa na maneno yake haina awezaye kuieleza.

Picha ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike insha hii. Ilikuwa picha ya mwanamke, amesimama ubavu, na nyuma kiunoni mwake umening’inia mshipi wa nyuzi kama mkia. Vijana waliokuwa wakitazama pamoja nasi waliangua kicheko. Vitabu vya miaka ile vina picha nyingi za namna hiyo. Mwaka 1902 Harry Johnston alitoa kitabu chake juu ya Uganda, chenye picha za watu wa Kavirondo, jina walilopewa na wageni wakazi wa upande huu wa ziwa, Wajaluo na Waluhya pamoja. Msomaji asishangae kuwakuta katika kitabu cha Uganda, maana Kisumu na nchi iliyoizunguka zilikuwa chini ya Uganda hadi mwaka huo huo wa 1902, zilipohamishiwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Tazama jinsi mwaka mmoja tu, ukihifadhiwa, unavyofumbua fumbo.

Kicheko kilipokuwa bado hakijaisha, alipita nyanya yake kijana. Aliitwa aitazame picha. Aliikaribia, akaitazama kitambo, asicheke. Kisha akasema, “Mjukuu wangu, huyu ni mke wa mtu. Huu ni chieno. Nyanya yangu mimi alikuwa nao.” Akaeleza kwamba chieno lilikuwa vazi la mwanamke aliyeolewa, na kwamba mwanamke wa heshima hakutoka bila hilo, kama vile mwanamke wa leo asivyotoka bila nguo. Vijana waliinamisha vichwa.

Hata wageni waliandika jambo hili. Kitabu kikubwa cha elimu cha Waingereza, Encyclopaedia Britannica, katika toleo la 1910 na 1911, kilieleza kwamba vazi hilo likionekana kwa mbali hufanana na mkia, na kwamba ndiyo asili ya habari za wasafiri wa kwanza kuwa kuna watu wenye mikia Afrika. Basi vazi la heshima liligeuzwa ajabu na jicho lililokuwa mbali. Na daftari la Ahero, bila kukusudia, lilikuwa limerudia kosa lile lile zaidi ya miaka mia baadaye, nyumbani kwa mwenye vazi.

Wako watakaosema kwamba picha za namna hii zichomwe moto, kwa kuwa zinatuaibisha. Sikubaliani nao. Anayechoma picha humaliza kazi iliyoanzwa na mkasi. Aibu haimo katika mwanamke aliyesimama kwa heshima yake. Kama ipo, imo katika jicho la aliyemtazama, na jicho hilo twaweza kulishtaki tu ikiwa ushahidi umehifadhiwa. Wala sisemi kucheka ni haramu. Ajabu ndiyo mlango wa elimu. Ila mtu hakai mlangoni siku zote.

Kwa hiyo, kijana unayesoma, ukipenda kukusanya picha za kale, kusanya. Lakini usikikate kitabu. Siku hizi simu huweza kupiga picha ya ukurasa mzima, pamoja na maneno yaliyo juu na chini. Andika jina la kitabu au gazeti, mwaka, ukurasa, na jina la mchoraji likiwapo. Andika ulipoipata. Kisha mpelekee mzee aitazame, nawe uandike asemayo, kabla mafuriko mengine, yale ya umri, hayajamchukua.

Kijana wa Ahero amekwisha anza upya. Chini ya kifaru, ramani na picha ya mwanamke ameandika mistari kadhaa. Picha nyingine nyingi bado zina nafasi tupu chini yake, na baadhi zitabaki hivyo milele, kwa kuwa karatasi zilizobeba maneno yake zilikwisha kufungia karanga. Nafasi hizo tupu ndizo gharama ya mkasi. Lakini daftari lake sasa halikai tena sakafuni. Ameliweka juu ya kabati, mahali ambapo maji ya Nyando hayajapata kufika.