Simu iliyoganda kwenye 54

Ruta ikijisasisha usiku na asubuhi simu zikaanza kukwama, mshtakiwa hupatikana haraka: kampuni ya intaneti imetubania kasi. Huenda ni kweli, lakini dai hilo lina kipimo, na kipimo chenyewe hakihitaji fundi. Chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya upime kasi, kisha pima kwa simu ukiwa umesimama hatua mbili tu kutoka kwenye ruta. Waya ukitoa kasi unayoilipia na simu ikatoa robo yake, basi tatizo liko hewani, kati ya simu na ruta, na huduma kwa wateja utawapigia bure.

Kipimo hicho hukata pande zote mbili. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, hata aliyechomeka waya alikwama, na hakuna kitufe cha ruta ambacho kingemsaidia.

Katika nyumba moja ya ghorofa jijini Dar es Salaam, ruta ilikuwa imejisasisha, lakini waya ulikuwa mzima. Fiba ilikuwa ya megabiti 100 kwa sekunde na runinga iliyochomekwa kwa waya ilicheza filamu bila kusita, ila simu za Android hazikuvuka ishirini na kitu. Wenyewe walishafuta programu, walishazima na kuwasha, na mmoja alishaanza kuulizia bei ya simu mpya.

Jibu lilikuwa kwenye simu hizohizo. Simu nyingi za Android, ukifungua mipangilio ya Wi-Fi na kubonyeza jina la mtandao uliojiunga nao, zinaonyesha masafa na kasi ya muunganisho. Hiyo si kasi ya intaneti. Ni kasi ambayo simu na ruta zimekubaliana kuzungumza. Zote zilisoma gigahezi 2.4, na zote zilisoma 54. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kasi hiyo huliwa na mazungumzo ya mitambo yenyewe, mtumiaji hubaki na hizo ishirini na kitu.

54 ndicho kikomo cha 802.11g, kiwango cha Wi-Fi cha mwaka 2003. Simu zile zilikuwa za 802.11ac, kiwango cha miaka kumi baadaye, kinachofika mamia ya megabiti. Kama ukuta au umbali ndio unaopunguza kasi, namba hupanda na kushuka mtu akitembea. Hii haikutikisika hata simu ilipolazwa kando ya ruta. Namba inayoganda hivyo, tena kwenye kikomo cha kiwango cha zamani, inaonyesha kuna sheria inayoizuia.

Na sheria ipo. TKIP ni njia ya kuficha data iliyoletwa na WPA, mfumo wa usalama wa Wi-Fi, ili vifaa vya zamani viweze kuokolewa bila kubadilishwa. AES, iliyo imara zaidi, ikaja na WPA2 mwaka 2004. Walioandika kiwango cha 802.11n mwaka 2009 walikataza kasi zake kutumika pamoja na TKIP. Kwa hiyo ruta ikichaguliwa TKIP, simu ya kisasa inarudishwa enzi za 54. Sasisho lilikuwa limebakiza jina na nywila ya mtandao, ila sehemu ya usalama likairudisha kwenye chaguo la kiwandani, yaani TKIP. Nani angeshuku? Nywila ilikuwa ileile. Nyumba hiyo ingekuwa na iPhone, pengine ingewaonya mapema kwamba usalama wa mtandao ni dhaifu.

Tiba yake ni fupi: fungua ukurasa wa ruta kwenye kivinjari, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, weka WPA2 yenye AES pekee, hifadhi. Namba ikapanda hadi 72. WPA3 ni bora zaidi, lakini vifaa vya zamani vingegoma kuungana.

72 bado ni aibu kwa fiba ya 100. Sasisho lilikuwa pia limeunganisha masafa ya 2.4 na 5 chini ya jina moja, na simu zikang'ang'ania 2.4 kwa sababu husikika mbali. Jengo zima hugombania masafa hayo, na yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Majina yalipotenganishwa, simu ya sebuleni ikahamia gigahezi 5 na kusoma 433. Chumba cha mwisho, nyuma ya kuta mbili za tofali, kilibakizwa kwenye 2.4, maana gigahezi 5 huchoka haraka ikikutana na ukuta. Mabadiliko hayo yalifanywa moja moja, na kila moja likafuatiwa na kipimo. Ukibonyeza yote kwa mkupuo hutajua lipi lilitibu.

Kuzima masasisho ni wazo baya. Udhaifu wa WPA2 uliotangazwa na Mathy Vanhoef mwaka 2017 ulizibwa kwa masasisho hayahaya. Ninachokilalamikia ni ruta zinazofungwa majumbani bila mteja kupewa nywila ya ukurasa wa mipangilio. Fundi akija kukufungia fiba, idai kabla hajaondoka, kisha piga picha kurasa za usalama na masafa, uzilinganishe baada ya sasisho lijalo.